Bwana William Harvey na Kazi ya Moyo

Mwaka huu sisi wa Kidato cha Nne tumefundishwa habari za moyo, ini, mapafu, figo na ubongo, yaani vile viungo ambavyo vikisimama mtu hana maisha tena. Katika kitabu chetu cha baiolojia jina la Bwana William Harvey limetajwa kwa mstari mmoja tu, kisha likaachwa. Mimi naona mstari mmoja haumtoshi bwana huyu. Nimesoma habari zake katika maktaba ya shule, na sasa nataka kuwasimulia ninyi wenzangu, pamoja na waalimu na wazazi wetu.

Bwana Harvey alizaliwa tarehe 1 Aprili, 1578, katika mji wa Folkestone, ulio pwani ya Uingereza. Alikuwa mkubwa wa ndugu saba wanaume, na wengi wa ndugu zake hao wakawa wafanya biashara. Yeye alipenda masomo. Alisoma shule huko Canterbury, kisha chuo cha Cambridge, halafu akavuka bahari akaenda Padua, katika nchi ya Italia, kwa kuwa siku zile hapakuwa na chuo cha utabibu kilichosifiwa kuliko hicho. Huko kulikuwa na chumba cha mviringo, ngazi juu ya ngazi, wanafunzi wakisimama wamebanana na kutazama chini mezani ambapo maiti ilipasuliwa. Chumba hicho kilijengwa mwaka 1594, na hata leo kingalipo.

Mwalimu wake aliitwa Fabricius. Mzee huyu ndiye aliyewaonyesha wanafunzi wake kwamba ndani ya vena mna vilango vidogo vidogo. Lakini ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakufahamu kazi yake. Alidhani vyazuia damu isishuke kwa wingi na kujaa miguuni. Mlango alikuwa ameuona, ila hakuuliza wafungukia upande gani.

Hapa lazima nieleze watu wa zamani waliamini nini, maana bila hivyo msomaji hataona ukubwa wa jambo lenyewe. Tabibu Galen, Mgiriki aliyezaliwa karibu mwaka 129, alifundisha kwamba damu hutengenezwa na ini kutokana na chakula, kisha huenda katika viungo ikaliwa huko, kama maji yanavyonywewa na shamba. Alisema pia kwamba katika ukuta ulio katikati ya moyo mna matundu madogo yasiyoonekana, na damu hupenya humo. Maneno haya yalifuatwa kwa zaidi ya miaka 1,300. Ni kweli kwamba tabibu Mwarabu, Ibn al-Nafis, aliyezaliwa karibu na Dameski na kufanya kazi Cairo, aliandika mwaka 1242 kwamba ukuta ule hauna matundu, na kwamba damu hupita mapafuni kwanza. Lakini maandiko yake yalisahauliwa, hata yakaja kuonekana tena katika maktaba ya Berlin mwaka 1924. Nadhani huyu naye astahili kuandikiwa makala yake mwenyewe. Labda mwenzangu mmoja ataiandika muhula ujao.

Bwana Harvey alipata shahada ya udaktari mwaka 1602, akarudi London. Mwaka 1604 alimwoa Elizabeth Browne, binti wa daktari, lakini hawakupata mtoto. Mwaka 1609 akawa daktari wa Hospitali ya Mtakatifu Bartholomew, na mwaka 1616 akaanza kuwafundisha madaktari wenzake habari za mwili. Alikuwa mtu mfupi, mwenye nywele nyeusi na macho madogo makali, na alipenda sana kahawa kabla Waingereza wengi hawajaijua.

Usiku na mchana alitazama mioyo. Alipasua mbwa, nguruwe, nyoka, vyura, hata konokono. Wengi wa wanyama hao walikuwa hai, wala hakukuwa na dawa ya kuwalaza. Sehemu hii niliposoma sikuipenda, na sioni sababu ya kuificha. Alisema kwamba moyo wa mbwa hupiga upesi mno, jicho haliwezi kufuata. Lakini moyo wa chura, au wa mnyama anayekaribia kufa, huenda polepole, na hapo ndipo aonapo wazi. Akaona kwamba moyo haufanyi kazi unapotanuka, kama wengi walivyodhani, bali unapojikaza. Ni msuli. Hujikaza ukasukuma damu nje, kama mkono unaokamua.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu mimi ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni hesabu ya kuzidisha tu, ambayo hata mtoto wa darasa la tatu angeiweza. Tuseme, alisema, moyo watoa nusu aunsi ya damu kwa kila pigo. Tuseme wapiga mara 1,000 katika nusu saa. Basi hizo ni aunsi 500, yaani zaidi ya kilo 14 katika nusu saa moja, na mtu hana damu nyingi namna hiyo katika mwili wote! Ini litatengenezaje damu hiyo yote? Mtu atakula chakula gani? Na hiyo damu iliyokwisha pita yakwenda wapi, mbona mwili haupasuki? Hapakuwa na jibu ila moja, kwamba damu ni ile ile, yatoka moyoni kwa ateri na kurudi kwa vena, ikizunguka daima.

Twajua leo kwamba alikadiria kidogo mno kwa makusudi, ili pasiwe mtu wa kusema ameongeza. Moyo wa mtu mzima aliyepumzika hutoa kama mililita 70 kwa kila pigo, karibu lita 5 kwa dakika. Nimepiga hesabu ya siku nzima nikapata zaidi ya lita 7,000. Mapipa yetu ya maji pale jikoni huingia lita 200 kila moja. Basi ni mapipa 35 kwa siku, na kazi hiyo yafanywa na msuli ulio kama ngumi.

Vile vilango vya mwalimu wake navyo alivieleza kwa namna ambayo kila mtu aweza kuijaribu. Funga kitambaa juu ya kiwiko, kisikaze sana, na kisikae muda mrefu. Vena za mkono zitatokeza, na juu yake utaona vifundo. Hivyo ndivyo vilango. Bonyeza vena kwa kidole kimoja, na kwa kidole cha pili isukume damu kuelekea begani mpaka upite kifundo. Vena itakaa tupu, damu haitarudi chini, hata uinue kidole cha kwanza ndipo ijae tena kutoka chini. Mimi na rafiki yangu mmoja mwembamba tulifanya hivyo bwenini Jumamosi moja, na kabla ya kengele ya kulala kundi zima lilikuwa limetuzunguka, kila mtu amekunja mkono wa shati.

Kwa zaidi ya miaka tisa Bwana Harvey aliwaonyesha wenzake mambo haya kabla ya kuthubutu kuyachapisha. Aliogopa, na hofu yake aliieleza katika kitabu chenyewe. Kitabu kilitoka Frankfurt mwaka 1628, kwa Kilatini, chenye kurasa 72 na makosa mengi ya uchapaji. Yaliyofuata ni kama alivyohofu. Watu walisema amerukwa na akili, na wagonjwa wengi wakamwacha. Huko Paris, Jean Riolan, mwalimu mwenye jina kubwa, alimpinga kwa miaka mingi. Bwana Harvey hakugombana. Alimjibu mwaka 1649, kwa adabu. Lakini tusimfanye malaika: yeye mwenyewe aliendelea kuwatibu watu kwa desturi za zamani, hata kuwatoa damu, maana alijua njia ya damu pasipo kujua bado faida yake hospitalini. Faida hiyo ilikuja baadaye, na leo sindano ichomwayo mkononi hufikisha dawa mguuni.

Mfalme Charles wa Kwanza alimpenda, naye akawa daktari wake. Mwaka 1634 alitumwa kusimamia ukaguzi wa wanawake wanne walioletwa London kwa shtaka la uchawi, na hapakuonekana alama yoyote ya uchawi katika miili yao. Safari nyingine alipelekwa kumtazama kijana wa kabaila, Hugh Montgomery, mwenye umri wa miaka 18 au 19. Utotoni kijana huyu alivunjika mbavu za kushoto, pakaoza, pakabaki tundu ambalo alilifunika kwa kibati. Bwana Harvey alitia vidole akaushika moyo wenyewe ukipiga, kisha akampeleka kijana kwa Mfalme, naye akaugusa. Kijana hakuhisi kitu! Asipotazama, hakujua kama moyo wake umeguswa.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1642, askari waliingia katika makao yake London wakayaharibu maandiko yake, pamoja na uchunguzi wa miaka mingi juu ya wadudu. Yasemekana hakuna hasara iliyomwumiza zaidi.

Alifariki tarehe 3 Juni, 1657, akiwa na miaka 79, akazikwa Hempstead, katika jimbo la Essex. Jambo moja alilisema bila kuliona, yaani namna damu ivukavyo kutoka ateri kwenda vena, kwa kuwa macho yake hayakufika huko. Mwaka 1661, Mwitalia Marcello Malpighi alitazama pafu la chura kwa hadubini, akaziona kapilari.