Frederick Lanchester, mtu wa disiki za freni

Vumbi ya kati ya Kasongo na Kabambare inakula freni za gari mbio. Adui huyo, Frederick Lanchester alikutana naye zamani. Injenia huyu Muingereza alizaliwa London mwaka 1868, akatengeneza magari kule Birmingham. Mwaka 1902 alipata hati ya uvumbuzi wa freni ya disiki: plakete mbili zinabana disiki inayozunguka pamoja na gurudumu. Plakete zake zilikuwa za shaba. Zilipiga kelele ya kuudhi, na kwa barabara za vumbi za wakati ule zilikwisha upesi.

Njo maana fundi mzuri hachagui disiki peke yake. Anapima unene, anaulinganisha na kipimo cha mwisho kilichoandikwa kwenye disiki, anabadilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, tena na plakete mpya. Zile za matundu si lazima. Kwa matope ya huku, za kawaida zinatosha kabisa.

Lanchester hakutajirika. Alikufa Birmingham mwaka 1946, macho yamedhoofika, akitegemea msaada wa pesa. Mwaka 1953, Jaguar yenye freni za disiki ilishinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans, Ufaransa.