Flo Hyman: Manzi Mrefu wa Voliboli Ambaye Mwili Wake Ulificha Siri

Ukiwa manzi mrefu huku Othaya, rada unaijua. Hata wiki ya kwanza ya Form One haijaisha, mwalimu wa michezo ashakuchomoa kwa laini, unawekwa kwa neti kuzuia mipira, hata kama hujawahi gusa voliboli maisha yako yote. Urefu ukishaonekana, hakuna mtu anauliza swali lingine.

Flo Hyman aliyajua hayo mapema. Alizaliwa 1954 na kukulia Inglewood, California, familia ya watoto wanane. Akiwa na miaka 12 alikuwa ashafika futi 6. Wenzake walimcheka, akawa anatembea ameinama ndio aonekane mfupi. Aliishia mita 1.96. Neti ya wanawake iko mita 2.24, yaani huyu alikuwa anaipita kwa mkono bila hata kuruka.

Alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa skolashipu ya michezo Chuo Kikuu cha Houston, lakini aliacha masomo bila kumaliza akafuata timu ya taifa. Kupiga mpira alikuwa moto. Noma ilikuwa huko chini: mtu wa urefu huo kujirusha sakafuni kuokoa mpira si mchezo. Ilibidi ajifunze, na kocha Arie Selinger hakuwa mtu wa huruma.

1980 walifuzu Olimpiki ya Moscow, Marekani ikagoma (Kenya pia ilibaki nyumbani). 1984, Los Angeles, wakachapwa na China kwenye fainali, akaondoka na fedha.

Akaenda kucheza Japan. Tarehe 24 Januari 1986, mjini Matsue, akatolewa uwanjani, akaketi benchi, akaanguka. Miaka 31 tu.

Uchunguzi ulionyesha alikuwa na Marfan, ugonjwa wa kuzaliwa nao unaolegeza tishu za mwili. Mtu anarefuka, mikono na vidole virefu, na mshipa mkubwa unaotoka moyoni unaweza kupasuka. Wake ulipasuka. Miaka yote hiyo watu waliona urefu wake wakauita kipaji.

Si ati kila dame mrefu ako nayo, ni wachache sana. Lakini moyo ukipigwa picha hosi, mshipa uliopanuka unaonekana. Kaka yake Flo alipimwa baada ya kifo chake, akapatikana nayo, akafanyiwa upasuaji kabla mshipa haujapasuka.