Faraday Hakungoja Kuitwa

Wanafunzi wengi wanaoanza fizikia vyuoni huamini kwamba utafiti ni wa wenye shahada kubwa, nao hawana budi kungoja waitwe. Siafikiani nao, na shahidi wangu ni Michael Faraday.

Faraday alizaliwa mwaka wa 1791 karibu na London, mwana wa mhunzi maskini. Shuleni hakupata zaidi ya kusoma, kuandika na hesabu kidogo. Alipotimiza miaka 14 alipelekwa kwa George Riebau kujifunza kujalidi vitabu, akakaa huko miaka 7. Vitabu alivyovijalidi alivisoma pia, na aliyoyasoma kuhusu umeme na kemia aliyajaribu kwa vifaa alivyojiundia.

Mnamo 1812 mteja mmoja wa duka hilo, William Dance, alimpa tikiti za mihadhara minne ya Humphry Davy, mwanakemia mashuhuri wa Royal Institution. Faraday aliandika aliyoyasikia, akachora vifaa alivyoviona, kisha akayajalidi yote yakawa kitabu. Alimwandikia rais wa Royal Society kuomba kazi, asijibiwe. Hakukata tamaa. Alimpelekea Davy barua pamoja na kitabu kile. Davy alimwita na kumsikiliza, ila nafasi haikuwapo. Mapema mwaka wa 1813 msaidizi wa maabara alifutwa kwa kupigana, na Machi kijana yule akaajiriwa.

Kazi yenyewe ilikuwa kusafisha vyombo na kuwatayarishia wengine majaribio. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mwaka wa 1831, katika jengo hilo hilo, Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya huzalisha umeme. Mitambo ya Masinga na Kiambere katika Mto Tana hufuata kanuni iyo hiyo.

Najua bahati ilichangia. Lakini sidhani Davy angemkumbuka kwa ombi tupu. Kwa hivyo, mwanafunzi, usimwendee mhadhiri mikono mitupu. Rudia jaribio moja kwa uangalifu, andika vipimo vyako, hata vile vilivyokataa kulingana na kitabu, kisha umwonyeshe na kuomba kumsaidia, ijapokuwa ni kuosha chupa.

Nanyi walimu, Dance hakuwa mwanasayansi, alikuwa mwanamuziki. Alichotoa ni tikiti tu. Je, ninyi mlio na funguo za maabara mmemfungulia nani?