Philip K. Dick: Kulwa Aliyeachwa na Doto

Wengi wenu mmekwisha kuona filamu ya Blade Runner, au Total Recall, au Minority Report. Kama bado, basi mwenzenu wa bwenini ameziona na amewasimulia mpaka mmechoka. Zote tatu zimetokana na maandishi ya mtu mmoja, Mmarekani aliyeitwa Philip K. Dick. Safari hii nimeona nieleze maisha yake, na sababu yangu si filamu, ni kaburi.

Philip alizaliwa Chicago tarehe 16 Desemba 1928, kabla ya miezi kutimia, na hakuja peke yake. Baada ya kama dakika 20 alifuata dada yake, Jane. Kwa desturi ya Wasukuma, ambayo siku hizi imeenea Tanzania nzima, Philip angeitwa Kulwa na Jane angeitwa Doto. Watoto walikuwa wadogo mno, baridi ya Chicago ndiyo hiyo mnayoisikia, na maziwa ya mama hayakutosha. Jane alifariki tarehe 26 Januari 1929, wakiwa njiani kumpeleka hospitali. Alikuwa na siku 41. Kwetu pwani ndiyo kwanza mzazi anatoka arobaini. Mama huyu, Dorothy, alitoka arobaini akaingia msibani.

Jane alizikwa Fort Morgan, mji mdogo katika jimbo la Colorado. Kwenye jiwe la kaburi walichonga jina lake, na pembeni wakachonga jina la Philip: tarehe ya kuzaliwa, kisha nafasi tupu ya tarehe ya kufa. Hebu fikiri, mtoto yuko hai, anatambaa, na kaburi lake limeshaandikwa jina!

Haikuchukua miaka mingi baba na mama wakaachana. Philip akalelewa na mama yake, zaidi huko Berkeley, California. Habari za Jane alizisikia kwa mama tangu angali mdogo, na akamshikia lawama mama huyo huyo karibu maisha yake yote. Alimaliza sekondari mwaka 1947, akajaribu Chuo Kikuu cha California hapo hapo Berkeley, lakini hakumaliza hata mwaka. Kazi aliyoipenda ilikuwa ya kuuza santuri dukani. Usiku alipiga taipureta. Hadithi yake ya kwanza ilichapishwa 1952, riwaya ya kwanza ikatoka 1955, na baada ya hapo hakusimama: riwaya zaidi ya 40, hadithi fupi zaidi ya 100. Pesa, jamani, hakuna! Mwenyewe alisimulia kwamba kuna siku yeye na mkewe walinunua nyama ya farasi iliyokuwa ikiuzwa kwa ajili ya mbwa, wakala.

Kitabu kilichompa jina ni The Man in the High Castle, cha mwaka 1962, kilichopata tuzo ya Hugo mwaka uliofuata. Humo Ujerumani na Japani zimeshinda Vita Kuu ya Pili na kugawana Marekani. Na Afrika? Tumetajwa kwa maneno machache tu, na hayo machache yanatosha kukunyima usingizi: Wanazi wamefika huko na kuwaua watu kwa halaiki. Kwa sisi wa Tanganyika, Rwanda na Burundi, ambako Mjerumani alitawala kweli mpaka Vita Kuu ya Kwanza, hilo halisomeki kama mchezo wa kubuni. Katika dunia ile chama chetu hiki kisingekuwa na mtu wa kuitisha mkutano.

Lakini ndani ya kitabu hicho kuna kitabu kingine, kilichopigwa marufuku kwenye maeneo ya Wajerumani, kinachosimulia dunia ambayo Hitler alishindwa. Hata hivyo watu wanakisoma. Mmoja wa wahusika, Bwana Tagomi, ofisa Mjapani wa biashara aliyeko San Francisco, anakaa bustanini akikazia macho kipambo kidogo cha fedha. (Kipambo hicho mwandishi hakukitoa mbali, kwani mkewe wa wakati ule alikuwa akitengeneza na kuuza mapambo.) Ghafla Tagomi anajikuta kwenye San Francisco nyingine, ambako Japani haikushinda. Anaingia mgahawani, hakuna anayempisha kiti. Anatoka ametahayari, anatafuta njia ya kurudi kwenye dunia yake, mbaya kama ilivyo, maana maisha yake yako huko.

Ukisoma vitabu vyake vingine utamkuta Jane kila mahali. Katika Dr. Bloodmoney yumo msichana mdogo anayembeba pacha wake wa kiume ndani ya mwili wake mwenyewe, na wanazungumza. Katika Ubik mwenye kampuni anakwenda kumwomba ushauri mkewe aliyekwisha kufa, aliyehifadhiwa kwenye barafu. Kila mara mlango kati ya waliopo na waliotoweka unaachwa wazi kidogo.

Lugha yetu ina kiungo kidogo cha kazi hiyo: -ngali-. Tungalimwahi hospitali, angalikuwa hai. Mmekaa misibani, mmeisikia. Wahenga wametuonya kwamba ningalijua huja nyuma. Philip alijenga miji mizima ndani ya -ngali-, akaishi humo.

Na aliishi kwa gharama kubwa. Alimeza vidonge vya kukesha ili aandike, na kuna kipindi cha miaka miwili, 1963 na 1964, alichotoa takriban riwaya kumi. Wenzangu wa kukesha maktaba wakati wa mitihani, hapo msimwige! Alioa mara tano na mara tano akaachana. Mwaka 1972, akiwa Vancouver, alijaribu kujiua, akaokolewa. Mwaka 1974 alianza kupata maono, na mpaka anakufa aliandika maelfu ya kurasa kuyatafutia maana. Alidai kwamba katika maono hayo alijulishwa kuwa mwanawe mchanga ana ngiri, na kwamba madaktari walipompima wakaikuta. Sina la kuongeza juu ya maono. Naona tu kwamba safari hii kulikuwa na mtoto mchanga mgonjwa, na aliwahiwa.

Mwaka 1977 aliitwa Metz, Ufaransa, akawahutubia wapenzi wa hadithi za kisayansi. Aliwaeleza kwamba dunia sambamba zipo kweli, na yeye anazikumbuka. Mwaka uliofuata mama yake alifariki.

Naye alipatwa na kiharusi, akafa tarehe 2 Machi 1982, akiwa na miaka 53. Blade Runner ilitoka Juni mwaka huo huo. Alikuwa ameonyeshwa vipande tu. Baba yake Edgar, mzee aliyempoteza Jane mwaka 1929, alichukua majivu ya mwanawe akayapeleka Fort Morgan. Pale palipoachwa tupu pakajazwa. Kulwa akalala kando ya Doto, baada ya miaka 53.

Wengi wetu hapa ughaibuni tumewahi kupokea simu ya usiku: fulani hatunaye. Nauli hakuna, au viza imekwisha, wanazika kesho adhuhuri. Hapo -ngali- inaanza. Ningalikuwa nyumbani. Dada angalimpeleka mapema. Na mara nyingi tunamtafuta wa kumtwika, kama Philip alivyomtwika mama yake, ambaye naye alikuwa amefiwa na mtoto yule yule. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika maisha haya. Watu wawili wa nyumba moja walikuwa na msiba mmoja, na kila mmoja akaubeba peke yake.

Someni vitabu vyake, vinapatikana maktaba. Lakini kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza, nunua kadi ya simu au chaji simu yako, umpigie yule uliyemnunia tangu matanga. Yupo dunia hii hii.