Sir Archibald McIndoe: Fundi wa ngozi aliyekuwa na shamba Kilimanjaro

ALIPOFARIKI dunia usingizini jijini London, Aprili 1960, Sir Archibald McIndoe alikuwa na umri wa miaka 59. Wengi walimfahamu kwa sababu ya marubani waliounguzwa na moto wa ndege katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Wachache ndio waliojua kwamba daktari huyo alikuwa na shamba Tanganyika, katika miteremko ya Mlima Kilimanjaro.

Siku hizi watu wengi hupunguza uzito kwa haraka, wengine kwa kujinyima chakula, wengine kwa dawa, kwa puto linalowekwa tumboni au kwa upasuaji wa tumbo. Furaha ya mizani ikishapita, hubaki na ngozi inayoning'inia ambayo hakuna mlo unaoweza kuiondoa. Anayetaka kujua kwa nini tatizo hilo hurudi mikononi mwa daktari wa upasuaji, na kwa nini daktari huyo huwa mwangalifu kiasi kile, atajifunza mengi kutokana na maisha ya McIndoe.

Alizaliwa Mei 4, 1900, katika mji wa Dunedin, New Zealand. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Otago, akahitimu mwaka 1924, kisha akapata nafasi ya masomo zaidi Mayo Clinic, Marekani. Huko alijifunza upasuaji wa tumbo na kufanya utafiti kuhusu ini. Ngozi haikuwa shughuli yake hata kidogo.

Mwaka 1930 alihamia London pamoja na familia yake, lakini kazi aliyoitarajia hakuikuta. Aliyemnusuru ni ndugu yake wa ukoo, Sir Harold Gillies, ambaye tayari alikuwa na sifa kubwa kwa kuwatengeneza nyuso askari walioharibiwa na risasi na mabomu katika Vita Kuu ya Kwanza. McIndoe akawa mwanafunzi, kisha mwenzake.

Gillies alikuwa na mbinu moja iliyowashangaza wengi. Alichana kipande cha ngozi tumboni au kifuani bila kukikata chote, akakikunja na kukishona kama bomba, huku ncha zake zikiendelea kushikamana na mwili. Baada ya wiki kadhaa ncha moja ilihamishwa na kushonwa mahali pengine, mathalani kwenye kifundo cha mkono, na baadaye mkono huo ukaipeleka ngozi hadi usoni. Hivyo ngozi ya tumbo ilisafiri mpaka ikawa pua.

Fundisho lake ni kwamba ngozi huishi kwa damu inayoifikia. Ikivutwa kupita kiasi, au mishipa yake ikibanwa, hugeuka nyeusi na kufa, hata kama mshono ni mzuri namna gani. McIndoe aliishi kwa kanuni hiyo hadi mwisho.

Vita ilipoanza mwaka 1939 alipelekwa katika hospitali ya Queen Victoria, mji mdogo wa East Grinstead, kusini mwa London. Waliletwa vijana wa miaka ishirini na kitu, kope zimeungua, vidole vimeshikana. Tiba ya kawaida ilikuwa kupaka asidi ya taniki, iliyofanya gamba gumu juu ya kidonda. McIndoe aliipiga vita kwa sababu gamba hilo lilivuta na kulemaza mikono na nyuso. Aligundua kwamba marubani walioangukia baharini walipona vizuri kuliko walioangukia nchi kavu, akaanza kuwaogesha wagonjwa kwa maji ya chumvi.

Lakini kisu kilikuwa nusu tu ya kazi yake. Aliwaruhusu wagonjwa kuvaa sare zao za kijeshi badala ya nguo za hospitali, akaruhusu pipa la bia wodini, na akawaomba wakazi wa mji wawakaribishe nyumbani bila kuwakodolea macho. Mwaka 1941 wagonjwa wake walianzisha chama chao, wakajiita simbilisi, yaani wale wanyama wadogo wanaotumiwa katika majaribio ya maabara. Hadi vita inamalizika chama hicho kilikuwa na wanachama 649. Mwaka 1947 McIndoe alipewa heshima ya kuitwa Sir.

Baada ya vita aliendelea na upasuaji rekebishi, na pia ule wa urembo uliomletea fedha nyingi. Mtu aliyetumia miaka kutafuta ngozi ya kufunika nyuso zilizoungua sasa aliwahudumia waliokuwa na ngozi na mafuta ya ziada. Mwaka 1958 yeye na Mmarekani Thomas Rees walichapisha makala ya kitabibu kuhusu upasuaji wa kurekebisha matiti. Upasuaji wa kuondoa mkunjo wa tumbo ulikuwa na historia ndefu zaidi: Howard Kelly wa Baltimore, Marekani, alitoa taarifa yake mwaka 1899, na katika miaka ya 1960 Ivo Pitanguy wa Brazil aliuboresha.

Kiini cha tatizo hakijabadilika tangu wakati huo. Ngozi iliyotanuliwa na mafuta kwa miaka mingi hupoteza nyuzi zinazoiwezesha kujirudi. Kijana asiyevuta sigara akipungua polepole, ngozi yake huufuata mwili kwa kiasi. Anayepoteza makumi ya kilo katika miezi michache hubaki kama aliyevaa kanzu ya mtu mwingine.

Krimu hulainisha ngozi tu, hata tangazo lake liwe na ahadi tamu namna gani. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito hujaza misuli na kupunguza ulegevu unaoonekana, ingawa hayakazi ngozi yenyewe. Mashine za kupasha joto ngozi zinaweza kuleta nafuu pale ulegevu ulipo mdogo. Mkunjo mkubwa unaofunika mapaja, unaotoa jasho, harufu na vidonda, dawa yake ni kisu, na mtu wa namna hiyo hastahili kuambiwa kwamba anatafuta urembo.

Kwa tumbo, daktari anaweza kuondoa mkunjo unaoning'inia pekee, au akaondoa ngozi, akakaza misuli iliyoachana na kukipangia kitovu mahali pake. Mikono, mapaja na matiti huwa na upasuaji wake, na mara nyingi kazi hufanywa kwa awamu.

Hapa ndipo kanuni ya damu hurudi. Uzito unapaswa kwanza kutulia kwa takribani miezi sita. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo la chakula kwa kawaida husubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Lishe yenye protini ya kutosha ni lazima, la sivyo kidonda hakifungi. Sigara huachwa wiki kadhaa kabla, maana hubana mishipa ile ile ambayo Gillies na McIndoe waliilinda kwenye mabomba yao ya ngozi. Mwanamke anayetarajia kuzaa tena hushauriwa angoje.

Mgonjwa huambiwa pia gharama ambayo si ya fedha: kovu refu, ambalo kwa watu weusi lina uwezekano mkubwa zaidi wa kuvimba, maji kujikusanya chini ya ngozi, mshono kufumuka, na damu kuganda miguuni, ikapanda hadi mapafuni na kuua. Aidha, aliyekonda bila kukusudia hapaswi kuanzia kwa daktari wa ngozi iliyolegea. Aanze kwa vipimo vya kisukari, kifua kikuu na virusi vya Ukimwi.

Ni Kilimanjaro ndiko McIndoe alikoacha alama yake kwa watu wa huku. Miongoni mwa waliojifunza kwake East Grinstead alikuwa Michael Wood, Mwingereza aliyehamia Kenya mwaka 1947 na ambaye wakati huo ndiye aliyekuwa daktari wa upasuaji wa aina hiyo Afrika Mashariki. Katikati ya miaka ya 1950, McIndoe, Wood na Rees walikutana katika miteremko ya mlima huo wakajadili jinsi ya kumfikisha daktari bingwa kwa mgonjwa wa mbali. Wood alijifunza urubani. Mwaka 1957 ukazaliwa mpango wa madaktari wanaoruka kwa ndege, uliokuja kuwa Amref.

Umbali uliowasumbua unaeleweka upesi kwa mkazi wa Mpanda. Miaka hiyo Mpanda ulikuwa mji wa mgodi wa madini ya risasi, mwisho wa tawi la reli linalotoka Kaliua. Aliyeungua huko, au aliyeelemewa na tumbo lililolegea, alikuwa mbali sana na Nairobi alikofanyia kazi Wood.

Mkoa wa Katavi ulianzishwa mwaka 2012, Mpanda ukiwa makao yake makuu. Hospitali ya rufaa ya kanda kwa mkoa huo iko Mbeya. Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, ilianza kuweka puto tumboni mwaka 2022 na mwaka uliofuata ikaanza upasuaji rekebishi, ukiwemo wa kuondoa nyama uzembe. Kutoka Mpanda hadi huko ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000, na upasuaji wa ngozi hauishii siku ya kushonwa: mgonjwa anahitaji kuonwa tena na tena mpaka kovu litulie.

Majivu ya McIndoe yalihifadhiwa katika St Clement Danes, London, kanisa la jeshi la anga la Uingereza, heshima ya nadra kwa raia. Wood aliendelea na kazi ya ndege na kisu Afrika Mashariki, akafariki dunia mwaka 1987.