Rudolf Diesel: Aliyewapunguzia wengine gharama ya mafuta, akafa na madeni

KILA kijiji chenye mashine ya kusaga isiyotumia umeme kinaujua mlio wa injini ya dizeli. Ndiyo inayosaga mahindi, kusukuma maji ya umwagiliaji, kuvuta trekta na kupeleka mazao sokoni. Jina la mafuta yake hutajwa kila siku kwenye vituo vyote kuanzia Tunduma hadi Holili, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa jina la mafuta, Diesel lilikuwa jina la ukoo wa mtu.

Mtu huyo ni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyezaliwa Machi 18, 1858 jijini Paris, Ufaransa. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Bavaria na baba yake alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Vita kati ya Ufaransa na Prussia vilipozuka mwaka 1870, Wajerumani walitimuliwa Paris. Familia ikakimbilia London, maisha yakawa magumu, na Rudolf, akiwa na miaka 12, akapelekwa Augsburg kulelewa na jamaa aliyekuwa mwalimu wa hesabu.

Huko alisoma shule ya ufundi na kufaulu vizuri, akapata ufadhili wa kusoma katika chuo cha ufundi cha Munich. Mwalimu wake mmoja alikuwa Carl von Linde, bingwa wa mashine za kutengeneza barafu. Kwenye mihadhara ya Linde ndipo alipokutana na hesabu iliyomnyima usingizi kwa miaka mingi: injini ya mvuke, iliyokuwa mfalme wa viwanda wakati ule, iligeuza kuwa kazi takriban asilimia 10 tu ya joto la makaa ya mawe, na mara nyingi chini ya hapo. Mengine yote yalipotea bure. Kwa mkulima, ni sawa na kuvuna magunia 10 na kufikisha gunia moja sokoni.

Homa ya matumbo ilimkosesha mtihani wa mwisho mwaka 1879. Aliufanya mwanzoni mwa 1880 na kufaulu kwa alama za juu, kisha akarudi Paris kufanya kazi ya mashine za barafu za Linde. Mwaka 1883 alimwoa Martha Flasche na wakajaliwa watoto watatu. Kazi ilimlipa, lakini hesabu ile haikumtoka kichwani. Alijaribu injini ya mvuke wa amonia; ikamlipukia na kumlaza hospitali kwa muda mrefu.

Mwaka 1892 aliomba hataza ya wazo jipya, akaipata mwaka uliofuata. Injini ya petroli huchanganya mafuta na hewa, kisha plagi ikawasha kwa cheche. Diesel aliondoa plagi. Ndani ya silinda, pistoni hubana hewa peke yake mpaka inapata moto mkali, na mafuta yakiingizwa yanawaka yenyewe. Kadiri hewa inavyobanwa zaidi, ndivyo joto linavyogeuzwa kazi kwa wingi zaidi. Siri ya ubanaji wa mafuta iko hapo, na hadi leo haijabadilika.

Alikuwa na sababu nyingine ambayo wasifu wake mwingi huirukia. Alitaka injini ndogo ambayo fundi mwenye karakana yake angeweza kuimudu, ili asimezwe na viwanda vikubwa vilivyomiliki mitambo ya mvuke. Mwaka 1903 alitoa kitabu kiitwacho Solidarismus, kilichopendekeza wafanyakazi wachange fedha na kumiliki viwanda vyao kwa mfumo unaofanana na ushirika. Kitabu hakikupata wanunuzi wengi.

Kiwanda cha mashine cha Augsburg kilikubali kugharimia majaribio, kikisaidiwa na kampuni ya Krupp. Agosti 10, 1893 injini ya kwanza ilipoingizwa mafuta, mlipuko ulivunja kipimo cha mgandamizo na nusura uwajeruhi waliokuwa karibu. Diesel hakulia, alikuwa amethibitisha kwamba mafuta yanaweza kuwaka bila cheche. Februari 1894 injini ilizunguka kwa nguvu yake yenyewe kwa takriban dakika moja. Ilichukua miaka mitatu zaidi ya kubadilisha nozeli, pampu na silinda. Februari 17, 1897 Profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi na kukuta inageuza asilimia 26.2 ya joto la mafuta kuwa kazi. Mvuke ulikuwa umeachwa mbali.

Fedha zikaanza kumiminika. Adolphus Busch, tajiri wa kiwanda cha bia huko Saint Louis, Marekani, alilipa marki milioni 1 kwa haki za Marekani na Kanada. Diesel akawa milionea kabla ya kutimiza miaka 41.

Lakini kuuza teknolojia kabla haijakomaa kuna gharama yake. Injini za awali zilizopelekwa kwenye kiwanda cha viberiti huko Kempten zilisumbua mno, na wateja wengine nao wakalalamika. Diesel mwenyewe aliugua kwa uchovu wa akili, akalazwa. Tabia hii ya soko bado ipo: mashine hutangazwa kwa takwimu za maabara, mnunuzi ndiye anayemalizia majaribio.

Maonyesho makubwa ya dunia ya Paris mwaka 1900 yaliipa injini hiyo tuzo ya juu. Hapo pia kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga, kwa matakwa ya serikali ya Ufaransa iliyokuwa ikiwaza nishati kwa makoloni yake ya Afrika. Injini haikuhitaji kubadilishwa. Diesel aliendelea na majaribio ya mafuta ya mimea, na mwaka 1912 alieleza hadharani imani yake kwamba siku moja mafuta hayo yangekuwa na uzito sawa na yale ya ardhini.

Kwenye maonyesho hayohayo kulikuwa na gari la umeme lililobuniwa na kijana Ferdinand Porsche kwa ajili ya kampuni ya Lohner ya Vienna. Betri zilikuwa nzito na safari fupi, hivyo mwaka huohuo Porsche akaongeza injini za petroli za kuzalisha umeme ndani ya gari lenyewe. Hiyo ndiyo haibridi. Ilikuwa ghali, ikasahaulika karibu karne nzima, mpaka Toyota ilipoanza kuuza Prius nchini Japani Desemba 1997.

Kwa hiyo mabishano ya leo ya haibridi, dizeli, gesi au mafuta ya mimea yana zaidi ya miaka 120, na jibu linategemea gari linafanya kazi gani. Haibridi hujilipa mjini. Kwenye foleni ya Ubungo injini inazimika, na kila breki inarudisha umeme kwenye betri. Kwenye lami ndefu ya Dodoma hadi Shinyanga, ambako breki ni chache, faida hiyo hupungua sana, na dizeli iliyobeba mzigo inarudi juu. Anayenunua haibridi iliyotumika ananunua pia betri iliyozeeka. Bei yake iingizwe kwenye hesabu kabla ya kufurahia kilomita kwa lita.

Na lita zenyewe hazilingani. Lita ya dizeli ina nishati zaidi ya lita ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa dhidi ya kilo 2.3 za petroli. Sehemu ya sifa za dizeli ni za mafuta, si za injini. Dizeli pia hutoa oksidi za naitrojeni na masizi. Mwaka 2015 Volkswagen ilibainika kuweka programu ya kudanganya vipimo vya moshi nchini Marekani. Gesi asilia, ambayo miaka ya 2020 imeingia kwa kasi kwenye bajaji na teksi za Dar es Salaam, ni nafuu, ila vituo vya kujazia havijafika vijijini.

Vipi kuhusu karanga? Chukua hekta moja inayotoa tani 1 ya karanga zilizobanguliwa. Mafuta ni karibu asilimia 45, na baada ya kuacha yanayobaki kwenye mashudu, mkulima anapata kama lita 400. Lori lenye mzigo linalokunywa lita 40 kwa kilomita 100 litatoka Dar es Salaam, litafika Mbeya, na litaishiwa mafuta kabla ya kufika hata nusu ya njia ya kurudi. Msimu mzima wa jembe umekwisha, na mafuta hayo yangeuzwa jikoni kwa bei nzuri zaidi. Mbono kaburi ulioletwa kwa mbwembwe Kisarawe na Kilwa katikati ya miaka ya 2000 ulikwama kwa sababu za jamii hiyo: mavuno yalikuwa madogo kuliko ahadi, na makampuni yalipofunga, wanavijiji walibaki wakidai ardhi.

Diesel hakuishi kuyaona hayo. Mwaka 1912 meli ya Denmark, Selandia, ilivuka bahari kwa injini za dizeli na dunia ikashangilia, lakini mvumbuzi alikuwa akizama. Hataza yake ya kwanza ilikuwa imeisha muda, kesi zilimla, na uwekezaji wake katika viwanja na visima vya mafuta ulikuwa umeanguka. Aliendelea kuishi kwenye jumba la kifahari la Munich, huku wadai wakiongezeka.

Jioni ya Septemba 29, 1913 alipanda meli Dresden huko Antwerp kwenda Uingereza kwa shughuli za kampuni. Alikula chakula cha jioni, akaenda chumbani, akaagiza aamshwe asubuhi. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Siku kadhaa baadaye mabaharia wa Uholanzi waliopoa maiti iliyoharibika, wakachukua vitu vya mifukoni na kuirudisha baharini. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo kuwa vya baba yake. Wengine wamedai aliuawa, lakini hakuna ushahidi uliopatikana.

Kabla ya safari alikuwa amempa mkewe begi na kumwagiza asilifungue mpaka wiki inayofuata. Martha alipolifungua alikuta fedha taslimu na taarifa za benki. Akaunti zilikuwa karibu tupu.