John Constable: Mchoraji Aliyejifunza Kutazama

John Constable alizaliwa tarehe 11 Juni 1776 kijijini East Bergholt, mashariki mwa Uingereza. Baba yake, Golding, alikuwa mfanyabiashara wa nafaka mwenye vinu vya kusagia. Kwanza alitaka mwanawe awe kasisi wa Kanisa la Anglikana, kisha akataka arithi biashara. Kijana akafanya kazi kinuni kwa muda. Kinu cha upepo humlazimu msagaji kusoma anga, na somo hilo hakulisahau.

Mwaka 1799 aliruhusiwa kwenda London kusoma uchoraji katika Royal Academy. Kama wanafunzi wenzake, alinakili kazi za mabingwa. Kwa Claude Lorrain alijifunza kupanga miti na mwanga. Kwa Mholanzi Jacob van Ruisdael, uzito wa mawingu. Thomas Gainsborough, mzaliwa wa Suffolk kama yeye, alimwonyesha kwamba hata mashamba ya kwao yanastahili kuchorwa.

Mwaka 1802 alikataa kazi ya kufundisha uchoraji katika chuo cha kijeshi, akachagua kurudi kuchora mazingira ya kwao. Uamuzi huo ulimgharimu. Picha za mandhari zilihesabiwa duni kuliko picha za historia, naye aliishi miaka mingi akitegemea msaada wa nyumbani. Ndoa yake na Maria Bicknell ilichelewa hadi 1816.

Alichora kwa rangi za mafuta akiwa nje, mbele ya kitu chenyewe. Badala ya rangi ya kahawia iliyopendwa wakati ule, alipanga kijani cha aina nyingi bega kwa bega, akadondoa nukta nyeupe kuonyesha umande. Mwaka 1821 na 1822, huko Hampstead, alichora mawingu mara nyingi, akiandika nyuma ya picha tarehe, saa na upepo.

Mwaka 1821 alionyesha London picha yake *The Hay Wain*, mkokoteni ukivuka maji karibu na kinu cha baba yake. Haikupata mnunuzi. Mwaka 1824 Paris iliipa medali ya dhahabu, na Eugène Delacroix akajifunza kwake.

Maria alifariki mwaka 1828, akimwachia watoto saba. Miezi michache baadaye Royal Academy ilimpa uanachama kamili, akiwa na miaka 52. Alifariki tarehe 31 Machi 1837.

Aristotle aliweka kuona mbele ya hisi nyingine katika safari ya kujua. Constable anatukumbusha kwamba kuona nako hufundishwa, tena kwa uvumilivu, na kwamba mahali padogo tulipozaliwa panatosha kuanzia.